Jinsi ya kutubu mpaka mwisho: mwongozo kwa aliyechoka kuitikia wito kila Jumapili

Sala ya toba haimalizi dakika tano. Mhubiri anaita, unatoka kwenye kiti chako, unainua mkono, unarudia maneno nyuma yake, watu wanapiga makofi na jina lako linaandikwa kwenye daftari. Kuanzia Kondele, Kisumu, hadi Kakamega, na kule Nakuru ambako mikutano ya toba imewahi kujaza uwanja wa Menengai, wapo waumini waliofanya hivyo mara nyingi hadi wenzao wanajua ni nani atakayesimama leo. Wanarudi nyumbani wakiwa wepesi, na Jumatano mambo ni yaleyale. Wengi hufikiri hawakulia vya kutosha. Mimi naona kwamba waliishia madhabahuni, ilhali kuna kitu cha mtu ambacho bado kiko nyumbani kwao.

Nimeandika hatua hizi kwa Mkristo wa dhehebu lolote wa huku kwetu magharibi mwa Kenya, kwa hiyo utakuta ya Wakatoliki, ya Waanglikana, ya Waadventista na ya ndugu wa uamsho yamekaa pamoja. Shika ya kanisa lako. Ya jirani yasome pia, hayana hasara.

Hatua ya 1: Jua ni nini kinachokusumbua

Kabla hujapiga magoti, kaa kando ujiulize swali moja: kama ningehakikishiwa kwamba hakuna mtu atakayejua, ningeendelea? Jibu likiwa ndiyo, ulicho nacho ni hofu ya kukamatwa au aibu, na hapo ndipo pa kuanzia maombi. Mwambie Mungu ukweli huo kwanza: "Bwana, sijachukia jambo hili bado, nisaidie nilichukie." Ni sala halali kabisa.

Paulo aliwaandikia Wakorintho (2 Wakorintho 7:10) kwamba ipo huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu, inayoleta toba, na ipo huzuni ya dunia, inayoleta mauti. Mfano wake uko katika usiku mmoja. Petro alimkana Bwana, Yuda akamsaliti, na wote wawili walijuta. Ajabu ni kwamba Yuda alifika mbali kuliko wengi wetu: alikiri kosa kwa maneno yaliyo wazi na akarudisha vipande 30 vya fedha kwa makuhani (Mathayo 27:3-4). Ila hakurudi kwa aliyemkosea. Petro alirudi. Shika jambo hili, maana mbele nitasisitiza sana habari ya kurudisha mali, na sitaki udhani kurudisha peke yake ndiko kutubu.

Kuna jambo lingine la kutenganisha, hasa kwa sisi tuliolelewa Nyanza. Mtoto akikonda au biashara ikifa, utasikia wazee wakinong'ona habari ya chira, kwamba mwiko fulani wa nyumbani ulivunjwa. Hofu hiyo humsukuma mtu kanisani kutafuta "kusafishwa" hali hajui amemkosea nani. Dhambi katika Biblia ina mtu aliyekosewa: Mungu daima, na mara nyingi jirani pia. Usipoweza kusema ulimtendea nani nini, huenda unahitaji daktari wa mtoto kuliko unavyohitaji toba. Mpeleke hospitali leo, maombi yaende naye.

Hatua ya 2: Andika

Chukua karatasi na kalamu. Simu hushikwa na watoto, iache. Andika kila jambo kwa mistari mitatu: nilifanya nini, nilimfanyia nani, yeye alipoteza nini.

Mstari wa tatu ndio mgumu. "Nilikuwa si mwaminifu kazini" hakumsumbui mtu. Lakini ukiandika, "Mwezi wa tatu nilimwambia bosi mafuta ya jenereta yaligharimu 4,500, yaligharimu 3,200, tofauti nikaitia mfukoni," sasa kuna hesabu, na dhambi yenye hesabu haijifichi. "Nina ulimi" pia haitoshi. Ulisema nini, kumhusu nani, na ni mlango gani uliofungwa kwa sababu hiyo? Pengine yule binti alikosa kazi ya dukani kwa neno lako moja.

Andika na yale ambayo hukufanya. Mzazi aliyeachwa kijijini bila hata simu ya salamu, mtoto wa nje ambaye hujawahi kumlipia karo, shahidi uliyenyamaza barazani kwa chifu ukijua ukweli. Orodha hizi za kutotenda ndizo watu wazuri wa kanisa hushangaa kuziona zikiwa ndefu.

Dhambi za wengine usiziandike. Ukijikuta unaandika "lakini yeye ndiye aliyeanza," kata mstari huo.

Hatua ya 3: Mbele za Mungu

Fungua Zaburi ya 51, ile inayohusishwa na Daudi baada ya nabii Nathani kumwendea kwa habari ya Bathsheba. Isome polepole kwa sauti. Kisha soma karatasi yako kwa sauti vilevile, mstari kwa mstari, bila kulipamba jambo. Usiseme "udhaifu wa mwili" kama ulizini.

Ukimaliza, soma 1 Yohana 1:9: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote." Angalia nani anasafisha hapo. Kazi yako ni kuungama, na kusafisha ni kwake. Machozi yakija, vema. Yasipokuja, msamaha haupungui, maana aya haikutaja machozi.

Ukitaka kufunga, funga. Ila mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito na anayenyonyesha wasifunge chakula bila kuongea na daktari, na anayetumia ARV au dawa za presha asiache dawa hata siku moja kwa sababu ya maombi. Mchungaji anayekuambia uache dawa ili utakaso ukamilike, mkimbie.

Na hapa niseme la ukali kidogo. Sabuni ya upako, maji ya chupa, kitambaa, mafuta, "mbegu" ya shilingi 5,000 ili laana ivunjike: hakuna hata kimoja kinachosafisha dhambi. Simoni wa Samaria alipotaka kununua karama ya Mungu, Petro alimjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe" (Matendo 8:20). Toa sadaka kwa moyo wako wote siku nyingine yoyote. Siku ya kutubu, pesa yako ina kazi nyingine, nayo iko katika hatua ya 5.

Hatua ya 4: Mbele ya mtu mmoja

Yakobo 5:16 inasema tuungame sisi kwa sisi na kuombeana, tupate kuponywa. Makanisa yetu yamelitii neno hili kwa njia tofauti.

Mkatoliki anakwenda kwa padre katika sakramenti ya kitubio. Kanisa linamtaka aungame dhambi za mauti angalau mara moja kwa mwaka, na Kwaresima ndio foleni huwa ndefu. Unafanya ishara ya msalaba, unasema ni muda gani tangu ulipoungama mara ya mwisho, unataja dhambi nzito kwa aina na kwa idadi, unasikiliza, unapokea malipizi, unasali sala ya majuto na padre anatoa ondoleo. Siri ya maungamo ni kamili: padre haruhusiwi kuifunua kwa yeyote wala kwa sababu yoyote. Kama umekaa miaka mingi na umesahau utaratibu, mwambie tu, "Padre, nimesahau, niongoze." Amezoea.

Mwanglikana huungama pamoja na wenzake katika ibada, lakini anaweza pia kumwomba kasisi amsikilize faraghani. Waadventista wana desturi ninayoipenda: kabla ya Meza ya Bwana wanaoshana miguu, na aliye na neno na ndugu yake hutafutwa siku hiyo wapatane huku beseni liko mbele yao. Ni vigumu kumwosha mtu nyayo huku umemkasirikia.

Halafu kuna maungamo ya hadharani, ambayo magharibi ya Kenya ina historia yake. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanza upande wa Gahini nchini Rwanda na kuingia Nyanza mwishoni mwa miaka ya 1930, ulijulikana kwa watu kusimama na kutaja dhambi zao, kisha kwenda kurudisha vitu walivyoiba kwa waajiri na majirani. Kule Tiriki, kanisa la African Israel Nineveh alilolianzisha Zakayo Kivuli mwaka 1942 nalo lilijulikana kwa maungamo ya wazi. Walikuwa na ujasiri ambao sisi tumeupoteza.

Hata hivyo, maikrofoni si ya kila dhambi. Kanuni ninayoifuata ni hii: ungamo liende hadi pale kosa lilipofika, lisivuke. Uliyemkosea mtu mmoja kwa siri, mwendee huyo mmoja. Uliyelikosea kanisa zima, simama mbele ya kanisa. Ukisimama Jumapili useme, "Nililala na mke wa fulani," umemtubia mtu ambaye hakukuomba, umemvua nguo mbele ya watoto wake, na umeongeza dhambi juu ya dhambi.

Asiye na padre amchague mtu mzima wa jinsia yake, mwenye kifua, ambaye hana faida na habari hiyo. Mpime kwanza: je, amewahi kukuletea siri ya mwingine? Kama amewahi, yako nayo itasafiri.

Hatua ya 5: Rudisha

Hapa ndipo toba nyingi hukatikia, kwa hiyo nitakaa.

Zakayo wa Biblia, yule mtoza ushuru, hakuambiwa arudishe chochote. Yesu aliingia kukaa kwake tu, naye akasimama akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, "na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne" (Luka 19:8). Sheria ya Musa ilikuwa na viwango vyake: aliyedhulumu akakiri mwenyewe alirudisha kitu kamili na kuongeza sehemu ya tano (Walawi 6:1-5). Mkristo hayuko chini ya hesabu hiyo kama sheria ya mahakama, lakini sehemu ya tano ni kipimo kizuri, kwa sababu pesa iliyokaa kwako mwaka mzima ilimkosesha mwenyewe mengi.

Tuchukue mweka hazina wa chama cha akina mama. Karo ilimbana, akachota kidogokidogo hadi 18,000, akaandika daftarini kwamba ni mkopo wa mwanachama. Sehemu ya tano ya 18,000 ni 3,600, jumla 21,600. Hana pesa hizo leo. Anaweza kulipa 1,800 kwa mwezi, na kwa miezi 12 deni linaisha. Sasa aende kwa mwenyekiti, mchana, akiwa na daftari mkononi, aseme hivi:

"Mama Akinyi, nimekuja na jambo baya. Kati ya Januari na Juni nilichukua 18,000 za chama nikaandika ni mkopo. Hakuna aliyekopa. Nilizitumia mimi na nikawadanganya. Nitalipa 1,800 kila tarehe 5, mwaka mzima, pamoja na nyongeza. Naomba mnitoe kwenye kazi ya kuweka pesa. Leo sikuombi uniambie umenisamehe, nilitaka usikie kutoka kwangu."

Angalia ambacho hakusema. Hakusema "kama kuna mahali niliwakosea." Hakutaja karo. Karo ilikuwa kweli, lakini siku ya kuungama sababu hugeuka kuwa utetezi. Watakaotaka kujua watauliza. Pesa ipitie kwenye akaunti ya chama au M-Pesa ya chama, katibu aandike kila malipo, na mwisho wapeane karatasi.

Mengine kwa ufupi:

Pesa iliyoingia kwenye simu yako kimakosa nawe ukakimbilia kwa wakala kuitoa kabla mwenyewe hajairudisha: tafuta namba kwenye ujumbe wa siku ile. Ujumbe ukifutika, waombe wahudumu wa M-Pesa msaada. Piga simu, jitambulishe, tuma.

Uvumi: urudi ulikopita. Ulisema kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, sahihisha kwenye grupu hiyohiyo. Kumwomba msamaha aliyesemwa pembeni huku grupu bado linaamini uongo wako ni kazi nusu.

Mpaka wa shamba. Vihiga na Kisii, ambako vipande ni vidogo, mistari miwili ya mahindi ni chakula cha nyumba. Kumbukumbu la Torati 27:17 inamlaani aondoaye mpaka wa jirani yake. Usiusogeze usiku kimya kimya ukidhani umetubu, kesi itazaliwa upya. Mwite jirani, wazee wa pande zote mbili na mzee wa kijiji, urudishe mpaka mchana kabla ya kulima kwa mvua za masika, na useme mbele yao kwamba uliusogeza wewe. Penye hati na ubishi, mpima ardhi aitwe kwa gharama yako. Na mahindi uliyovuna pale miaka yote hiyo? Yahesabu.

Aliyekosewa akiwa amekufa, Hesabu 5:8 inaelekeza malipo yaende kwa jamaa yake, na asipokuwa na jamaa, yawe ya Bwana, kwa kuhani. Kwa hiyo tafuta watoto wake kwanza. Kulipeleka deni la mjane kwenye sanduku la sadaka ilhali mjane yupo Nyalenda ni njia rahisi tu ya kukwepa macho yake.

Uzinzi katika ndoa unahitaji uangalifu. Kapime HIV kwanza, kwa sababu mwenzako ana haki ya kulindwa leo, kabla hata ya mazungumzo. Kisha ongea na mchungaji au mshauri wa ndoa anayetunza siri, akusaidie kupanga siku na mahali. Kama kuna hatari ya kupigwa, usiungame mkiwa wawili nyumbani. Maelezo ya kitandani hayana faida kwa anayeumia. Ukweli wa kwamba ulifanya, umeacha, na njia zimefungwa, huo anaudai.

Jinai nayo ni habari nyingine. Msamaha wa Mungu haufuti sheria ya nchi, na aliyeua au kubaka hajamaliza kwa kulia kanisani. Amtafute wakili na ajisalimishe. Kosa likiwa la kumdhulumu mtoto, asiende mtu yeyote "kupatanisha" familia mbili kwa mbuzi na soda. Mtoto alindwe, polisi wajue, na namba 116 ya watoto hupigwa bure. Kwa ukatili wa kijinsia, 1195.

Basi umekwenda, na aliyekosewa amekufukuza. Ana haki hiyo. Msamaha wake si malipo ya toba yako, na usimtumie wazee wa kanisa kumsukuma. Lipa unachodaiwa, ondoka, mwombee. Mathayo 5:23-24 inakutaka uache sadaka yako madhabahuni uende upatane kwanza. Upande wako ukishautimiza wote, rudi utoe sadaka yako.

Hatua ya 6: Ziba njia

Mithali 28:13 inaahidi rehema kwa anayeungama na kuacha. Kuacha kuna mipango. Namba ifutwe na mtu aambiwe wazi kwamba umekoma, maana kumblock bila neno kunaacha mlango wa kurudi. Mwenye kamari afute programu za kubeti, na mshahara uingie mahali ambapo mke au ndugu anaona. Mlevi abadilishe njia ya kurudi nyumbani, na akishindwa peke yake atafute kituo cha ushauri, maana mwili uliozoea pombe miaka mingi unaweza kuugua vibaya ikikatwa ghafla.

Yesu alisimulia habari ya pepo mchafu aliyerudi akakuta nyumba ni tupu, imefagiwa na kupambwa, akaingia na wenzake saba (Mathayo 12:43-45). Zile saa ulizokuwa unazitumia vibaya zijaze na kitu chenye jina na saa: kwaya ya Alhamisi, jumuiya ndogondogo, kumsaidia mtoto hesabu za shule.

Hatua ya 7: Ukianguka tena

Utaanguka katika moja au jingine. Usisubiri Jumapili wala mkutano mkubwa ujao. Siku hiyohiyo rudi hatua ya 3, mpigie simu yule mtu wa hatua ya 4, umwambie jambo lenyewe bila utangulizi. Mkatoliki arudi kwa padre. Petro alipouliza kama asamehe hata mara saba, aliambiwa saba mara sabini, na Bwana hawezi kututaka tusamehe kuliko anavyosamehe yeye.

Usiianze orodha upya. Yaliyoungamwa yamekwisha, kuyataja tena kila wiki ni kumwambia Mungu hukumsikia. Karatasi ya hatua ya 2 ichome, isipokuwa kipande chenye majina na kiasi unachodaiwa. Hicho kitunze mahali unapokiona. Na hata kama ulianguka tarehe 4, tarehe 5 peleka zile 1,800 za chama.